Osiloskopu Yangu na Marehemu Betri

Mke wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba yeye nilimchumbia wiki mbili, lakini osiloskopu niliichumbia miezi mitatu. Wageni wakiuliza osiloskopu ni kitu gani, huwajibu, "Ni televisheni yenye chaneli moja, na kwenye hiyo chaneli kuna mstari." Nilisomea umeme chuo kikuu na sijawahi kupata maelezo bora ya mashine inayochora jinsi umeme unavyopanda na kushuka.

Digrii yenyewe haikufanya kazi sana. Niliajiriwa, nikahamishiwa Kigoma, na kwa miaka mingi umeme wangu ukawa wa kusaini barua za umeme. Meza ya ufundi niliiweka chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Buzebazeba, nilipofika umri ambao wanaume wenzangu hununua shamba au huanza kupaka nywele rangi.

Kuchagua kulikuwa na raha kuliko kununua. Kulikuwa na osiloskopu ndogo ya mkononi, yenye betri yake, inayotosha kabisa kwa mtu anayetengeneza redio, chaja na taa. Kulikuwa na za zamani, nzito kama cherehani, ambazo mafundi wa kweli huzisifu. Mimi nikachagua kubwa ya kisasa, yenye njia nne za kupimia, ingawa nina mikono miwili, na yenye uwezo wa kuona mitetemo milioni mia mbili kwa sekunde, ingawa hapa kwetu hakuna kinachokimbia hivyo isipokuwa umbea. Nilikuwa kama mtu aliyenunua lori la kubebea mkate.

Ilipofika zamu ya probu, yaani zile nyaya za kugusia kitu unachokipima, uvumilivu ulikuwa umekwisha. Nikaagiza zile za kwanza kuonekana kwenye picha za duka la mtandaoni. Zilikuja mbili, nyembamba, zenye ndoano nchani na kidude cha kusukuma ubavuni. Kidude hicho kilielezwa kwenye karatasi ya maelekezo, lakini msomi hasomi maelekezo. Niliyapitia nikasahihisha sarufi, basi.

Mteja wa kwanza wa mashine alikuja wakati wa mbalamwezi. Huo ndio msimu wa mafundi huku ziwani. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi hubaki nchi kavu, na kila kilichoharibika hupanda boti kuja mjini. Huyu alikuwa mama wa kijiji cha Mwamgongo, mwenye kipe kimoja, yaani mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa uvuvi wa dagaa. Alikuwa na taa nne ndani ya beseni. Nyuma yake baharia wake mmoja alibeba betri begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, taa zangu zinatetemeka. Dagaa wanakuja, wanaziona, wanaondoka kama wamesikia polisi. Zimebaki siku sita giza liingie. Likinikuta hivi, mabaharia watahamia kwa jirani, nibaki na wavu na mtumbwi, nikavue na nani?"

Hakuwa anatia chumvi. Mabaharia hawana mshahara, wanagawana kinachovuliwa, kwa hiyo humfuata yule ambaye taa yake inavua.

Nilivaa miwani. Niliwasha mashine polepole, waone vizuri. Nikaigusa betri kwa probu, mstari ukatokea chini kabisa, na tarakimu pembeni: volti moja na nukta mbili. Betri ya volti kumi na mbili!

"Mama," nikasema kwa sauti ya daktari, "betri yako imekufa. Ndiyo inayotetemesha taa."

"Imekufa?"

"Mwaka gani uliinunua?"

Aliitazama betri, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Baharia akatikisa kichwa kama yuko matangani. Mama akasema taa zibaki kwangu, atazifuata akipata betri nyingine, wakaondoka na marehemu begani.

Kesho yake, kwa furaha ya ubingwa, nikaanza kupima kila kitu. Betri ya pikipiki yangu: volti moja na nukta mbili. Pikipiki hiyo nilikuwa nimeiwasha dakika kumi kabla, kwa kidole tu. Betri ya taa ya ukutani: moja na nukta mbili. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Injinia, msiba ni wa nyumba nzima?"

Halafu akainama, akasukuma ubavu wa probu kwa ukucha. "Na hiki kidude ni cha nini?"

Mstari ukaruka juu. Kumi na mbili na nukta tatu.

Kumbe kidude kile, kikiwa upande mmoja, hupitisha umeme wote, na kikiwa upande mwingine hupitisha sehemu moja ya kumi tu, na mashine inatakiwa iambiwe izidishe kwa kumi. Mimi sikuiambia.

Nikampigia mama. "Mama, kuhusu ile betri."

"Ehe, tumeshazika?"

"Ni nzima. Nilikosea mimi."

Nikasikia akiwatangazia watu, "Fundi anasema marehemu kafufuka!" Kicheko cha Mwamgongo nzima kikanijaa sikioni. Akarudi kwenye simu. "Mwanangu, hii simu ninayoongea nayo nimeichaji kwa huyo marehemu."

"Kwa nini hukunibishia?"

"Ulikuwa umevaa miwani." Kisha kicheko kikaisha. "Lakini sikiliza. Yule baharia niliyekuja naye alikuamini. Amewaambia wenzake, na yeye mwenyewe ameshahamia kwa jirani. Wengine wananiangalia tu. Siku tano, baba."

Hapo nilikaa chini nikafanya kazi kama fundi, si kama mwenye mashine. Nilifunga taa ya kwanza kwenye betri ya pikipiki. Kwa macho ilikuwa imetulia, lakini kwenye kioo cha mashine mstari ulikuwa na meno kama msumeno. Nikaifungua. Kapasita moja, ile inayotakiwa kulainisha umeme, ilikuwa imevimba kichwa kama andazi. Angeiona mtu yeyote mwenye bisibisi na unyenyekevu. Zote nne zilikuwa na ugonjwa huo huo. Siku mbili nilikuwa nachomoa kapasita kutoka kwenye televisheni mbovu na kuzilehemu kwenye taa, mpaka mistari yote ikanyooka.

Mama alikuja zikiwa zimebaki siku mbili. Nikamwonyesha kioo. Akakipa heshima ya sekunde moja, akaomba pazia lifungwe, akawasha taa, akapunga mkono mbele yake harakaharaka.

"Vitano," akasema.

"Vitano nini?"

"Vidole. Taa ikitetemeka, ukipunga mkono unaona vidole ishirini. Hivi tunapima siku zote."

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza mwaka wa betri."

Giza likaingia. Sikulala vizuri siku hizo, na mke wangu akasema afadhali, nijue wavuvi wanavyoishi. Siku ya nne, asubuhi, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa yule baharia, na furushi la dagaa begani, mahali pale pale palipokuwa na betri.

"Mama anasema hawa ni wa marehemu," akasema.

"Na wewe? Umerudi kwake?"

"Nilirudi juzi. Kwa jirani taa zinatetemeka."

Aliweka furushi chini, akatazama meza yangu, osiloskopu na njia zake nne. Juu yake ilikuwa inawaka taa ninayofanyia kazi kila siku. Akapunga mkono mbele yake, akavihesabu vidole kimyakimya, akanihurumia.

"Fundi," akasema, "hata hii yako."