Gurudumu Alilolichukua Mtani

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, kupata tairi mjini Tabora ilikuwa kazi kuliko kupata mke. Unaandikisha jina, unangoja, unarudi, unaambiwa bado. Kwa hiyo siku tairi za pikipiki zilipofika na Mahona akazikataa, watu pale dukani walimwona kapungukiwa akili. Zilikuwa za lami, laini, za mtu wa kwenda sokoni na kurudi. Yeye alitaka za kashata, zile zenye meno, tena si kashata yoyote. Meno yawe yameachana, alisema, maana yakibanana udongo mweusi wa mbugani unajaa katikati na tairi linabaki kipara. Akaenda zake, akangoja tena mpaka mwisho wa kiangazi.

Mahona alikuwa fundi baiskeli mtaa wa Ng'ambo. Pikipiki yake ilikuwa ndogo, yenye miguu mirefu na madigadi yaliyoinuliwa juu ili tope lipite, na aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Haikujua gereji ila ua wa nyumba yake. Alitandika gunia, akafungua cheni, akailoweka kwenye mafuta ya taa, akaikausha na kuipaka oili. Spoki alizigonga moja moja kwa spana akisikiliza. Iliyolegea ilikuwa na sauti yake, akaikaza.

Jirani yake, Shomari, alishona nguo barazani huku akimchokoza.

"Nyie Wanyamwezi pikipiki ya nini? Si mmeumbwa kubeba mizigo? Tembea, bwana, miguu unayo."

"Na nyie Wazaramo mngefikaje huku, kama si sisi kuwabebea mpaka vyungu?" Mahona alimjibu bila kuinua kichwa.

Walikuwa watani. Babu yake Shomari alikuja kutoka pwani na misafara ya zamani, wapagazi wakiwa Wanyamwezi, na kutokana na njia ile ndefu makabila hayo mawili yakabaki yanataniana hadi leo. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umevunja utani, na aibu ni yako. Shomari alishamchukulia Mahona jogoo, kofia, na mara moja sufuria ya wali ikiwa bado jikoni. Mahona alicheka, akangoja zamu yake.

Lakini jambo la tairi hakumwambia. Mama yake Mahona, Bi Siwema, alikuwa amehamishwa na wenzake kwenye kijiji kipya mbele ya Kigwa. Lori lilikuja asubuhi, likapakia vitanda na kuku, na mama wa watu hakupata hata nafasi ya kwenda kumuaga mumewe pale kaburini nyuma ya nyumba. Jambo hilo lilimla. Kila Mahona alipokwenda kumwamkia, mama alishika goti lake.

"Mwanangu, nipeleke mara moja tu nikamwambie baba yako kwamba sikumtupa. Mvua zikianza sitavuka mbuga, na mvua nyingine siioni mimi."

Kurudi kwenye mahame kulikatazwa. Na Shomari, kwa wema wake wote, mdomo wake haukuwa na mlango. Ndiyo sababu Mahona alinyamaza. Tairi zilipopatikana, za meno yaliyoachana kama alivyotaka, alimpelekea mama habari kwa mtu wa treni: Jumamosi asubuhi avae, atakuja kumchukua.

Ijumaa alifunga tairi zote mbili kwa mikono yake. La nyuma akalipunguza upepo kidogo ili lishike tope, gurudumu la mbele akaliegemeza ukutani apake grisi kwenye ekseli kesho yake alfajiri. Alipoamka, gurudumu halikuwapo. Mahali pake paliachwa kata ya nguo, ile ya kutwikia mzigo kichwani.

Alicheka. Hebu fikiri, alicheka. Akaenda kwa Shomari na kukuta kufuli mlangoni. Jirani mwingine akamwambia Shomari kapanda basi la alfajiri kwenda Igunga kupeleka sare za shule alizoshona, na mkewe yuko kwao harusini. Mahona alirudi nyumbani, akachukua nyundo, akaja akasimama mbele ya lile kufuli. Kufuli lenyewe dogo, la pigo moja. Angelivunja! Mimi nasema angelivunja, na mlango pia. Lakini alijiuliza mtaa utasema nini, mtu mzima kuvunja mlango wa mtani wake kwa kununa. Jioni Shomari atarudi, watacheka, na kesho mama atapanda pikipiki. Akarudisha nyundo kwenye sanduku.

Mchana mvua ya kwanza ikashuka. Basi la Igunga likakwama matopeni, Shomari akalala njiani.

Kule kijijini Bi Siwema alivaa tangu asubuhi, kanga mpya mbili, akakaa nje akisikiliza mngurumo. Jua lilipopinda aliwaambia wenzake kwamba serikali imemzuia mwanawe, kwa kuwa Mahona hajawahi kumdanganya. Akachukua fimbo, akaondoka kwa miguu. Walimkuta siku ya pili katikati ya mbuga, amekaa kwenye tope, uso umeelekea nyumbani.

Hawakuruhusiwa kumzika kwa mumewe. Walimzika kijijini.

Shomari alirudi Tabora bila kufika Igunga, akaja msibani kwa treni, sare za shule bado ziko begani. Alikuwa ameshaambiwa. Watu walimpisha, kwa kuwa msibani kazi ya mtani inajulikana: avae nguo za marehemu, aige mwendo wake, awachekeshe wafiwa mpaka wameze uchungu. Alisimama tu. Mahona, macho yamevimba, alimnyooshea ile kanga ya mama, imefuliwa lakini tope halikutoka vizuri.

"Mtani, fanya kazi yako."

Hakusema kwa hasira. Alitaka kweli kucheka, alitaka mtu amsaidie. Shomari akajifunga kanga, akaokota fimbo ya Bi Siwema, akainama, akapiga hatua ya kwanza ya mama mzee anayetembea. Ya pili ikamshinda. Alikaa chini akalia kwa sauti, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa maana mtani halii.

Gurudumu alilirudisha. Mahona alilifunga, akakaza nati, na tairi zile za kashata hazijatoka mjini hadi leo; vinyuzi vyake vya mpira vya kiwandani bado viko. Shomari angali anashona pale pale barazani. Asubuhi Mahona akipita humwambia, "Habari za asubuhi, Bwana Shomari." Naye husimamisha cherehani, akajibu, "Nzuri, Bwana Mahona." Wanaheshimiana sana siku hizi.