Kikombe cha Maji Kabla ya Mizani

Mama Adelina alipima tumbaku kule Goweko kwa miaka ishirini, na hakuna mkulima aliyefanikiwa kumletea majani yaliyoloweshwa ili mzigo uzidi uzito. Alipostaafu, akaanza kusimamia uzito wetu sisi mabondia wa mtaa wa Cheyo. Waliomcheka walikuwa wajinga, na hilo nitawaambia usoni. Kwa miezi mitatu alinipima kila Jumamosi, akapunguza ugali wangu kidogo kidogo, lakini maji hakuninyima hata siku moja.

“Jani ukilikausha haraka linakuvunjikia mkononi,” alikuwa akiniambia.

Siku ya kupima uzito, kesho yake tukiwa na pambano, mabondia wa kambi nyingine walikuwa wakikimbia juani wamevaa makoti ya mvua. Wengine walitema mate kwenye chupa ili wapungue. Mama Adelina akanimiminia kikombe cha maji mbele ya waamuzi.

“Kunywa, mwanangu, halafu upande.”

Nikanywa yote, nikapanda. Kilo sitini kamili, kikomo cha uzito wangu, na bukta sikuvua.

Mpinzani wangu, midomo imempasuka kwa kiu, hakunitazama mimi wala mizani. Alikuwa akikitazama kile kikombe kitupu.