Hatua Tisini Kutoka kwa Mama

Kwa miaka sita nilipiga magoti mbele ya kaburi la saruji lenye jina la mama yangu. Nilisali pale, nililia pale, niling'oa magugu pale.

Ndani hapakuwa na mtu.

Hapakuwahi kuwa na mtu. Na aliyenidanganya hakuwa mganga wala tapeli wa mjini. Nilijidanganya mwenyewe, kwa kompyuta.

Najua mtasema mzee anatafuta wasomaji. Sina nguvu hizo. Nina miaka themanini na miwili, magoti yamechoka, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Someni tu.

Naitwa Boniventura, wa Bariadi. Darasani mchana sikuwahi kuingia. Utotoni mchana nilichunga ng'ombe, ukubwani mchana nilikuwa kiwandani kwenye mashine za kuchambua pamba. Nilisoma jioni, kisomo cha watu wazima, kwa taa ya chemli, mpaka nikafika kwenye grafu.

Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikuwa nachora mistari miwili, mmoja umelala, mmoja umesimama, kisha naweka nukta mahali pake. Namba ya kwanza inakwenda kulia. Namba ya pili inakwenda juu. Kulia ni mashariki, juu ni kaskazini.

Niliipenda hesabu ile kama mtu anavyopenda koti lake la kwanza.

Mama, Mayu kwa Kisukuma chetu, alifariki mwaka 1969. Tulimzika kwenye kaya yetu ya zamani, upande wa Ngulyati. Mwaka 1974 tukahamishiwa kijiji cha pamoja, nyumba ikabomolewa. Kabla lori halijaondoka nilisimama kwenye lile jiwe kubwa la mbele ya kaya, nikahesabu hatua hadi kaburini. Nikaandika kwenye daftari, kisomi kabisa:

Mama: 60, 45.

Sikuandika mashariki. Sikuandika kaskazini. Msomi hahitaji maneno mengi, ndivyo nilivyojiambia.

Miaka ishirini na nne ikapita juu ya lile kaburi. Ng'ombe wakapita, mvua zikapita, vichaka vikaota na kukatwa kuni. Likabaki jiwe peke yake.

Ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia kila kona, kila mmoja na mzani wake. Kiwanda chetu kikayumba, nikapunguzwa kazi. Watu wakaanza kurudi kwenye ardhi zao za zamani kulima pamba, na kijiji kikamgawia eneo letu Maganga, mtoto wa baba yangu mdogo.

Maganga hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumbani mwenyewe.

"Kaka Boni, kaburi la mama mkubwa siligusi. Nionyesheni tu lilipo, nitaacha hatua kumi kila upande. Lakini mvua ya kwanza ikidondoka, pasipo na alama napitisha plau. Nisije nikalaumiwa."

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1998. Mvua za kwanza kwetu ni mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na miezi mitatu, la sivyo mama angelimwa pamoja na magugu.

Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na dada yangu Philomena. Mama alipofariki mimi nilikuwa kiwandani, yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, nyumbani. Hakupelekwa shule. Alibaki kumpikia baba.

Sasa mwezi ule ule parokia yetu ikaletewa kompyuta nne kuukuu na jenereta. Mwalimu akatoka Mwanza, kijana mmoja wa mashati ya kuchomekea, anaitwa Rodgers. Mafunzo wiki nne. Nikawa wa kwanza kujiandikisha. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka.

"Mzee, hapa siyo kliniki ya macho!"

Nikawaambia watangulie wao wakaone.

Rodgers alitufundisha kuchora kwa kuandika. Unaandika CIRCLE, unataja namba mbili za mahali, unataja ukubwa, unabonyeza kitufe. Duara linatokea jeupe kwenye kioo cheusi, mahali pale pale ulipotaja.

"Kioo hiki kina nukta mia sita na arobaini kwa upana, mia nne na themanini kwa urefu," alisema. "Katikati ni 320, 240. Anzieni hapo katikati, msije mkapotea."

Niliandika. Nikabonyeza. Duara likakaa katikati ya kioo, limetulia kama yai kwenye kiota.

Nilivua miwani nikaifuta. Haikuwa na vumbi.

Ilikuwa grafu yangu ile ile! Namba mbili, nukta moja. Nilitaka kuwapigia simu wote waliokuwa wanasinzia kwenye kisomo, ila simu zenyewe hazikuwapo.

Wiki ya tatu nikaja na daftari la mwaka 1974. Jiwe nikaliweka katikati, duara dogo. Kisha mama: 320 jumlisha 60, ni 380. 240 jumlisha 45, ni 285. Hatua moja, nukta moja.

Nikabonyeza. Mama akatokea.

Rodgers akatoa picha kwenye printa, ile ya kulia kama mbuzi anayechinjwa. Akaitazama.

"Mzee, wewe ni injinia."

Basi. Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Wiki ya nne hatukusoma. Dizeli ya jenereta iliisha, mafunzo yakafungwa. Tulikuwa tumefika kwenye maduara na miraba.

Mwezi wa kumi tukaenda kwenye eneo. Padri alikuja, wazee wanne wa ukoo, fundi na saruji yake, Maganga na mafahali wake wawili. Mimi nilivaa koti. Karatasi nikaishika kwa mikono miwili, kichwa cha karatasi kikitazama kaskazini kama ramani yoyote.

Kutoka kwenye jiwe, duara la mama lilikuwa kulia, kisha chini. Nikahesabu kwa sauti hatua sitini kuelekea mashariki. Nikageuka kusini, nikahesabu arobaini na tano.

"Hapa!"

Philomena alikuwa nyuma ya wazee, amebeba sufuria la samaki wa Lamadi wa kulisha watu. Akaliweka chini.

"Kaka, siyo hapo." Akaelekeza kwa kidevu upande wa pili wa jiwe, kaskazini. "Mayu yuko kule. Hapo uliposimama..."

Sikumwacha amalize.

"Philomena, wewe ulisoma wapi?"

Wazee wakacheka. Fundi akacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Nikainua karatasi juu wote waione.

Dada yangu akanitazama, akatazama koti langu, akamtazama padri. Akainama, akachukua sufuria lake.

Saruji ikamwagwa. Jina likaandikwa kwa msumari kabla haijakauka: Mayu Lukresia. Padri akanyunyiza maji. Tukala samaki.

Mvua ya kwanza ilipodondoka Maganga akapitisha plau, akaacha hatua kumi kulizunguka kaburi la saruji, kama alivyoahidi.

Nikawa mtu wa maana. Watu waliniita Injinia hadi sokoni. Mtu akitaka kupima kiwanja, "mwiteni Injinia." Niliitika.

Ila kwa miaka ile sita kulikuwa na mambo mawili yaliyonikera kila nilipokwenda kaburini.

La kwanza, katikati ya pamba ya Maganga, ng'ambo ya jiwe, kulikuwa na kipande hakijalimwa. Majani tu, yameota duara kubwa, na mistari ya pamba inakizunguka.

"Maganga, hicho kichuguu kimekushinda?" nilimtania. "Mwanaume mzima!"

"Kimenishinda, Injinia," alijibu, akaondoka haraka.

La pili lilikuwa Philomena. Kila msimu wa palizi nilimkuta kwenye shamba la Maganga, ameinama na jembe la mkono, anapalilia pamba ya mtu. Siku sita, siku saba, jua la utosi. Mwanamke mwenye shamba lake mwenyewe!

"Unaniaibisha," nilimwambia. "Watu watasema Injinia ana dada kibarua. Unadaiwa nini na Maganga?"

"Hanidai kitu, kaka."

"Sasa unapalilia nini?"

"Pamba."

Alisema hivyo tu, akaendelea kulima. Nilikasirika wiki nzima.

Mwaka 2004 Rodgers akarudi, sasa ana kitambi, na parokia ina umeme. Mafunzo yale yale, ila safari hii yana cheti. Nikajiandikisha tena, maana cheti sikuwa nacho na wanangu wote wanacho.

Maduara nilimaliza siku ya kwanza, nikawafundisha na wengine. Siku ya nane akasema tuchore nyumba. Mraba ni ukuta, pembetatu ni paa.

Kazi ndogo. Ukuta nikauweka katikati ya kioo. Ncha ya paa lazima iwe juu ya ukuta, kwa hiyo nikaongeza namba ya pili. Nikabonyeza.

Paa likatokea chini ya nyumba.

Lilining'inia pale, ncha ikitazama ardhini, kama kiwele cha ng'ombe.

Darasa likavunjika mbavu. "Injinia amejengea popo!"

Nikafuta, nikaandika upya, nikaongeza zaidi. Paa likashuka zaidi.

"Mwalimu, mashine yako ni mbovu."

Rodgers akaja, akaegemea kiti changu. "Siyo mbovu, mzee. Kwenye kioo sifuri iko juu kabisa kwenye kona. Namba ya pili inahesabu kushuka. Ukiongeza, unateremka."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipotengenezwa."

"Mwaka ule ulitufundisha hivyo?"

Akafikiri. "Lilikuwa somo la wiki ya nne. Si mnakumbuka dizeli iliisha?"

Niliendelea kukitazama kioo. Wiki tatu zile tulichora maduara na miraba. Duara halina juu wala chini. Ligeuze utakavyo, ni lile lile. Mashine haikuwa na namna ya kunionya.

240 jumlisha 45. Nilijumlisha. Nilitakiwa kutoa.

Mama alikuwa kaskazini.

Sikuchukua daftari langu. Nilichukua baiskeli, nikaenda hadi kwenye shamba la Maganga. Ilikuwa mwezi wa pili, pamba imefika magotini, palizi imepamba moto.

Philomena alikuwa pale, ameinama.

"Mwadila, kaka."

Salamu sikuiitikia. Nilipitiliza hadi kwenye jiwe. Hatua sitini mashariki. Nikageuka kaskazini. Arobaini na tano.

Hatua za mwisho zilinitoa kwenye pamba, zikaniingiza kwenye majani. Nilikuwa nimesimama ndani ya kile kipande cha duara, kichuguu kilichomshinda Maganga.

Hapakuwa na kichuguu. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri, na upande wa kichwani jiwe la kusagia la mama lilichungulia kutoka ardhini, limefagiliwa.

Philomena alikuja, akasimama pembeni, anafuta jembe kwa kidole.

"Nililipata kwa mguu," alisema. "Mvua ya kwanza ya mwaka ule ule, kabla plau haijafika hapa. Nililiweka mimi siku ya mazishi, nikalikumbuka."

"Na Maganga?"

"Nilimwambia azungushe plau, mimi nitampalilia. Nikamwambia akikwambia wewe, naacha."

Miaka sita. Palizi ya dada yangu ndiyo ilikuwa inamlinda mama yetu na plau, na mimi nilikuwa nalalamika kwamba ananiaibisha.

"Kwa nini hukuniambia, Philomena?"

"Nilikwambia."

Nikainama, nikaligusa jiwe la kusagia.

"Uliniuliza nilisoma wapi," akaendelea, bila hasira. Angekuwa na hasira ningepumua. "Nikakosa jibu. Na ulikuwa umevaa koti, kaka. Padri anakutazama, watu wanakutazama, umetoka kupunguzwa kazini. Nikasema basi, abaki nalo hilo."

Nilikaa chini.

Nikauliza, "Na pale kwenye saruji palikuwa nini?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia.

"Zizi la ndama."

"Unasemaje?"

"Zizi la ndama, kaka. Padri alinyunyizia zizi la ndama."

Akacheka hadi akakaa karibu nami, mimi nikacheka huku machozi yananitoka, na Maganga kule mwisho wa shamba akasimamisha jembe, akatuangalia kama watu waliorukwa na akili.

Palizi ya msimu ule niliimaliza mimi. Sikuwa na mkono wa jembe tena, nilikata na pamba. Mjini niliposimulia, jina la Injinia likageuka kuwa la kunicheka. Niliitika vile vile.

Cheti nilikipata. Kiko kwenye sanduku. Sijawahi kukitundika.

Philomena alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili. Tumemlaza pembeni ya mama, ndani ya lile duara. Sasa najua alisoma wapi: pale pale alipoishi, na darasa lake lilikuwa mguu.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujabishana na mtu kuhusu kitu kilipo, muulize kwanza yeye anahesabia wapi na anaelekea wapi. Na ukimuuliza mtu alisoma wapi, subiri jibu.

Wanangu mnaosoma hapa, hili ndilo lililonifanya niandike. Saruji ya zizi la ndama bado ipo, imara, na bado haina mtu. Nikiondoka mnilaze pale, mfute jina, mwandike langu. Kaburi lile nililijenga mwenyewe.

Kutoka kwa mama yangu na shangazi yenu ni hatua tisini kwenda kusini. Kusini ni mkono wa kulia, ukitazama jua linapochomoza.

Safari hii nimeandika na maneno.