Chapa ya Mjane

Nilipohamia Bladensburg, huku Marekani, nilipata kazi kwenye karakana ya mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akitengeneza vyombo vya kale vya fedha. Mimi ni mtoto wa sonara wa Mombasa, kwa hiyo nyundo niliizoea tangu utotoni.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo, kavaa nguo nyeusi. Akaweka mezani kopo la fedha la Kiingereza la kunywea bia, lenye mkono na kifuniko. Lilikuwa la marehemu mumewe. Siku ya maziko lilianguka, likabonyea ubavuni, naye alitaka tulinyooshe.

Pombe sinywi, lakini ufundi ni ufundi. Nikaligeuza. Chini kulikuwa na chapa: simba, kichwa cha chui, na herufi mbili ndani ya kipande kilichokatwa mshazari kama kashata.

"Mbona hii imekatwa hivi?" nikamuuliza tajiri wangu.

"Fundi huyo ni mwanamke," akasema. "Zamani kule London, fundi akifa, mkewe aliweza kuandikisha chapa yake mwenyewe na kuendeleza karakana. Wengi wenye chapa ya umbo hili walikuwa wajane."

Yule mama akavuta kiti, akakaa. "Miaka yote hii nalipangusa," akasema polepole, "wala sikujua."

Tulilinyoosha, akaja kulichukua wiki ileile. Mimi nikabaki nikimwaza mama yangu. Baba alisifiwa mji mzima kwa bangili zake, lakini aliyezilehemu alikuwa mama, uani, juu ya mkeka. Baba alipofariki, ami zangu waliuza vifaa vyote hata eda haijesha. Hakuna aliyemuuliza. Nami nilikuwapo, mtu mzima mwenye ndevu, nikanyamaza.

Nikamwandikia barua. Nikamchorea ile chapa, nikamweleza, nikamwomba radhi.

Jibu lilichukua miezi miwili. Kalamu ilikuwa ya jirani, maneno ni yake: "Radhi unayo, mwanangu. Huyo mjane kafanya vyema. Mie niletee nyundo ndogo, na koleo la ncha nyembamba."

Tajiri wangu alipopata habari, akafungua droo akavichagua mwenyewe. Nikampa Mswahili mwenzetu mmoja wa Hyattsville, mji wa jirani, aliyekuwa akienda Mombasa, amfikishie mama.

Dada yangu aliniambia kwenye simu kwamba mama akishasali alfajiri huketi uani na nyundo yake, akifua vipande vya fedha, hataki kusemeshwa mpaka adhuhuri. Alitengeneza jozi tatu za bangili, za wajukuu, kisha macho yakamkatalia. Mimi sikuwahi kwenda kumwona akifanya kazi.