Sahihi Kabla ya Kusoma

Kituoni kwangu hakuna mtu anayefundishwa kuandika jina lake kabla hajaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti. Wakubwa wa ofisi wanalalamika kwamba orodha zangu za mahudhurio zimejaa alama za vidole, utadhani tuko enzi za mababu. Waache walalamike.

Nilianza kazi hii nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa Kifaransa, mfuko hauna kitu. Nilipewa ukumbi wa parokia hapa Kikula, ubao mmoja, na amri ya kukusanya watu wazima wasiojua kusoma. Niliwatafuta sokoni, meza kwa meza. Wengi walinicheka: weye mutoto, utatufundisha nini? Wa kwanza kukubali alikuwa mama mmoja, mjane, muuza samaki wa Kapolowe. Mume wake alikuwa mchimbaji, kreseri kama tunavyosema, na shimo lilimfunika. Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, matofali waliyafyatua wenyewe yeye na marehemu, na shemeji zake walikuwa wameikodolea macho. Alitaka ajue kusoma kabla hawajamletea karatasi yoyote.

Nikamwahidi. Mdomo wangu nao!

Msimamizi wangu alipokuja kukagua, alitazama orodha akakunja uso. Alisema wafadhili wakiona vidole watadhani tunalala tu. Mwisho wa mwezi anataka sahihi tupu, na asipoziona atatafuta mtu mwingine. Basi nikaweka silabi kando. Wiki tatu nzima tulichora majina. Ndiyo, tulichora: mama yule alinakili jina lake kutoka ubaoni mara mia, bila kujua herufi ipi ni ipi. Siku alipoliandika bila kutazama ubao, alijipigia vigelegele mwenyewe. Akaliandika kila mahali, hata kwenye ndoo yake ya samaki. Nilijivuna, sifichi. Msimamizi akaisifu orodha, na kazi ikawa yangu.

Nilichosahau ni kitu ambacho nakijua tangu utotoni. Katika ofisi ya mtaa wetu, mtu akija kuweka kidole kwenye karatasi, karani humsomea kwanza, neno kwa neno, kwa Kiswahili, mbele ya majirani wawili. Ndiyo desturi. Anayetia sahihi hasomewi, kwa sababu anahesabiwa kuwa msomi.

Shemeji zake walimpeleka hapo na karatasi. Walimwambia ni ya kumaliza matanga, familia yote inatia mkono ili mjane avue nguo nyeusi. Karani akamsogezea wino wa kidole. Mama akausukuma kando, akaomba kalamu ya biki.

Haya niliyasikia kwa karani mwenyewe, nilipokwenda kuuliza baada ya kumkosa mwanafunzi wangu siku nne. Alinionyesha karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa, na ilisema kwamba anaiacha nyumba pamoja na kiwanja chake kwa ndugu wa marehemu, kwa hiari yake. Chini lilikaa jina lake, zuri, na ule mkia wa herufi ya mwisho niliomfundisha mimi. Nilimgombeza karani mpaka watu wakasimama mlangoni. Alinijibu kwa upole kwamba mama mzima ameomba biki mbele ya watu, kichwa juu; angemsomeaje bila kumwaibisha?

Wazee husema majuto ni mjukuu. Mimi sikuwa hata na mtoto, na mjukuu alikuwa amekwishanifikia.

Nilimkuta uani kwake anafunga sufuria ndani ya kitenge. Shemeji mmoja alikuwa amekaa mlangoni, anakula karanga. Nilianza kulia kabla sijasema neno. Nikaomba msamaha, nikasema twende mahakamani, nitamwandikia barua zote. Akasema amekwishauliza. Kesi kama hiyo ni ya miaka, na yeye hana pa kulala wiki hii. Anarudi Kapolowe kwa dada yake. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, hata anipige kofi, roho yangu ipate kutulia. Badala yake alifungua kifundo cha kitenge chake, akatoa biki niliyompa siku ya vigelegele.

"Shika, mwana yangu," alisema. "Kidole yangu ilikuwa inanichunga."

Niliipokea. Kisha akaniomba nimsaidie kujitwika, maana shemeji yule hakuinuka. Nikainama, nikamtwika ile ndoo yenye jina lake.