Walipotaka Kutuondolea "Endelea"

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya mashamba ya chai, nje ya mji wa Kericho, Daktari Mkuu alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza. "Madam, hii sasa ni yako," akasema. "Usiniulize chochote." Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa mpiga taipu kutoka Sosiot.

Mwalimu wangu alikuwa fundi wa simu, Mzee Koech. Ndiye aliyeiunganisha kompyuta na waya wa simu kwa modemu, kisanduku kilichopiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, ili tutume barua pepe. Programu yetu ya barua ilikuwa huria. Watu wa nchi nyingi waliiandika pamoja bila malipo, na mabishano yao yalitufikia sote kwa barua.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kutuma picha za eksirei kwa mtaalamu wa mifupa Nairobi. Lakini huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na simu zilikatika ovyo. Programu ilikuwa na kipengele kilichoitwa "endelea": laini ikirudi, picha iliendelea pale ilipokatikia, badala ya kuanza upya.

Asubuhi moja nikasoma kwamba toleo jipya litaondoa "endelea". Eti kimezeeka, kina kasoro, na hakuna anayekitumia. Nairobi wakiweka toleo hilo, letu la zamani lisingeelewana nalo.

"Hakuna anayekitumia?" Mzee Koech akafoka. "Na sisi ni nani? Andika, Mama Akinyi!"

Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea likizo, lakini niliandika. Mmoja akanijibu: nunueni laini bora. Mwingine, wa milimani Amerika ya Kusini, akanitetea. Wakatukanana wiki nzima. Nikaogopa, nikaacha kuandika.

Kisha akaletwa Selina, mchuma chai aliyeteleza kwenye mteremko na kuangukia shingo. Daktari hakujua kama angeweza kusafirishwa. Picha yake ilikatika mara saba, na mara saba ikaendelea. Jioni jibu la mtaalamu likaja: "Msimsogeze. Mfupa umevunjika. Nakuja mwenyewe."

Nikaandika tena. Sikumtaja jina Selina, wala sikumtukana mtu. Nilieleza tu yaliyotokea alasiri ile.

Mtunzaji mkuu wa programu akanijibu: "Sikujua. Aliyeandika sehemu hiyo alituacha, na hakuna wa kuijaribu. Ukikubali kuijaribu kabla ya kila toleo, itabaki."

Nilimsomea Mzee Koech kwa Kiswahili. Akacheka hadi akaketi. "Basi mimi nitachomoa waya, wewe utaangalia."

Ndivyo tulivyofanya miaka yote iliyofuata. Yeye alichomoa, mimi niliandika kilichoharibika, na wale wa mbali wakarekebisha. Polepole nikajifunza kurekebisha mwenyewe. Selina aliondoka hospitalini kwa miguu yake, kola ngumu ya kutegemeza mfupa ikiwa shingoni, akimgombeza muuguzi aliyetaka kumshika mkono.

Sasa nimestaafu, na moyo wangu umetulia. Vijana huniuliza kama niliwachukia wale waliotaka kutuondolea kipengele kile. Sikuwachukia. Kupunguza mzigo ni kazi halali, na wao hawakuwa wakiisikia mvua yetu. Wangeisikiaje? Nilikuwa nimekitumia kile kipengele tangu nilipojua kuwasha kompyuta, na sikuwahi kumwandikia aliyekitengeneza hata neno moja la asante.