Mwambie Mama Yako Akanyage

Baba mkwe wangu hukohoa kabla hajapinda kona ya nyumba. Si ugonjwa. Ananiarifu tu kwamba anakuja, ili nami nipate kuingia jikoni au kugeukia ukutani. Sisi ni Wanyakyusa, na ingawa tunaishi Uyole, mjini kabisa, nyumba hii bado inashika desturi ya mkamwana kutoonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Simsemeshi, hanisemeshi, na jina lake silitaji. Hata hapa sitaliandika. Nitamwita Baba, kama ninavyomwita moyoni.

Jirani yangu Anjela hunicheka. "Mwenzetu unaishi na trafiki," husema. "Akikohoa tu, unahama njia."

Acha acheke. Mtu usiyemtazama usoni unamjua kwa mengine. Mimi namjua Baba kwa mwendo wa ndala zake na kwa kuimba kwake. Akiimba besi za kwaya huku yuko chini ya gari, ujue breki za mtu zimepona. Akinyamaza, kuna tairi linamsumbua.

Maana kazi yake ni breki, hana nyingine. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya Tunduma. Lori likishindwa mlima, yeye ndiye wa kuruka chini na gogo begani, alitupie nyuma ya tairi kabla gari halijarudi. Mama mkwe anasema alipomchumbia alikuwa bado ananuka gogo. Baadaye akachoka kukimbizana na magari, akajifunza kuyasimamisha. Leo karakana yake iko pembeni ya nyumba yetu, na kibao chake kinasomeka: KWENDA KILA GARI LINAWEZA. KUSIMAMA NJOO KWETU.

Mwaka huu binti yake wa mwisho, Goodness, amepata mchumba Mhehe, kijana wa Kalenga, kule Iringa. Baba alifurahi mpaka akatangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba vyombo vya binti yake, kitanda, kabati na mikungu ya ndizi, atavipeleka mwenyewe kwa pikapu yake na tela lake. Hakutaka gari la kukodi. Alisema, "Huyu nilimbeba mgongoni akiwa na surua. Nitambebea na kabati."

Tela alilichomelea mwenyewe, juu ya ekseli ya mtumba iliyotoka kwenye tela la watalii. Breki zake ni za umeme. Dereva akikanyaga breki ya pikapu, umeme unapita kwenye waya mpaka kwenye sumaku zilizo ndani ya magurudumu ya tela, nazo zinavuta breki zishike. Mtaani hatukuwa tumeona kitu hicho. Mama mkwe ndiye aliyekiamini kidogo kuliko wote.

"Breki ya nyaya?" alisema. "Kama redio? Baba Yotamu, mimi binti yangu simpeleki ukweni kwa redio."

"Mama Yotamu, hizi zinashika kuliko za mafuta."

"Zishike nione. Ijumaa jioni zikiwa hazijashika, Jumamosi vyombo vinapanda fuso la kukodi la Vitus, na wewe utakaa mbele kama abiria, umepakata kuku."

Baba aliburuta ndala zake kurudi karakanani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, namkaushia mtoto nepi kwenye joto la jiko, na nikasikia jinsi lile neno abiria lilivyomwingia. Mtu aliyesimamisha malori maisha yake yote, aende harusini kwa mwanawe amepakiwa.

Alhamisi nzima alilipaka tela rangi ya kijani, mpaka likawa kama jani la mgomba baada ya mvua. Ijumaa asubuhi akaliinua kwa jeki, magurudumu yote mawili hewani, ili ajaribu. Lakini kujaribu breki ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage ndani ya pikapu, mwingine azungushe tairi kule nyuma aone kama linasimama. Mume wangu Yotamu alikuwa Rujewa, anafuata mchele wa harusi. Mama mkwe alipanda yeye, lakini alikanyaga kabla hajaambiwa na kuachia kabla hajaambiwa, na mara moja alipiga honi akamfanya Baba agonge kichwa kwenye chuma.

"Shuka!" Baba alipiga kelele kutoka chini ya tela. "Unataka kuniua kabla ya mahari?"

"Mahari ulishakula zamani, mzee. Kazi imekushinda, sema."

Kisha Mama mkwe akanigeukia. "Mama Ipyana, panda wewe. Una mguu mtulivu."

Nilishtuka. Lakini niliona haraka kwamba haikuvunja desturi. Yeye yuko nyuma chini, mimi niko mbele ndani. Baba mwenyewe alikohoa, nikageukia ukutani, akaja akakunja vioo vyote vya pembeni na kukigeuza kile cha katikati kitazame paa, kisha akarudi zake chini ya tela. Nikajifunika kanga, nikampakata mwanangu Ipyana, nikakaa. Mama mkwe akasimama katikati, karibu na bodi, awe mdomo wetu.

"Mwambie akanyage," anasema Baba.

"Kanyaga," anasema Mama.

Nakanyaga. Baba alikuwa amelizungusha tairi la kushoto kwa mkono. Lilitoa mvumo mdogo, kama nyuki ndani ya mtungi, likasimama pale pale.

"Ndaga fijo!" akasema Baba. Asante sana, kwa lugha yetu. "Sasa la kulia."

La kulia halikuvuma. Nilikanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Nililisikia linazunguka tu, taratibu, kama mtu asiyeitwa. Baba akafungua plagi, akafunga. Akalivua tairi, akatazama sumaku, akalirudisha. Hakukuwa na wimbo. Saa sita ikapita. Wanawake wa kwaya wakamwita Mama mkwe akahesabu ndizi, naye akaondoka akisema kwa sauti, ili asikiwe, "Napita kwa Vitus kumwambia aoshe fuso."

Tukabaki sisi, na hakuna wa kutusemea.

Nilimsikia Baba ameweka spana chini. Hakuitupa, aliiweka, na hilo lilinitia huruma kuliko kama angeitupa. Nikawaza. Jana nilipokuwa naanika nguo nilimwona kwa mgongo akipaka rangi upande wa kulia. Alifungua skrubu iliyoshika waya mweusi kwenye chuma cha tela, akapaka vizuri pale chini, rangi ikakauka, kisha akaurudisha waya juu ya rangi. Upande wa kushoto brashi ilikuwa imepita pembeni tu. Na mimi najua taa yetu ya sola ilivyokufa mwezi wa pili, mpaka Yotamu alipokwangua kutu kwenye kichwa cha betri. Umeme unataka chuma kitupu.

Lakini nitamwambiaje? Nilimtazama Ipyana. Ana meno mawili na neno moja, nalo ni "ba". Nikamweka dirishani, nikasema kwa sauti ya kutosha kufika nyuma:

"Ipyana mwanangu, mwambie babu yako hivi. Ule waya mweusi wa kulia umekalia rangi. Haujagusa chuma."

Nikadhani nimevuka mpaka.

Kisha kule chini Baba akakohoa kidogo. "Mjukuu wangu," akasema polepole, "mwambie mama yako babu amesikia. Mwambie pia babu ni mjinga, amelivalisha tela nguo ya harusi mpaka machoni."

"Ba," akasema Ipyana.

Nilisikia skrubu inafunguka, kisha msasa unakwangua, kwaru kwaru, kwa muda. Nilifunga kanga mdomoni nisicheke.

"Mjukuu, mwambie mama yako akanyage."

Sikusubiri mjukuu. Nikakanyaga. Tairi la kulia likavuma, likasimama, na Baba akaanza besi kutoka chini ya tela, katikati kabisa ya wimbo, bila hata kutafuta mwanzo.

Jioni Mama mkwe alirudi akiwa tayari kwa ugomvi. Baba akamwambia, "Panda, shahidi." Wakaenda na tela lenye mawe kwenye mteremko wa njia ya shambani, sisi wengine tukafuata kwa miguu. Kwenye pikapu kuna kiboksi chenye kitufe cha kuongeza na kupunguza nguvu ya breki za tela. Mara ya kwanza kilikuwa juu mno. Tela likashika kwa ghafla, kilemba cha Mama mkwe kikamshukia machoni, tukamsikia mpaka huku juu: "Yesu wangu, limekuwa nyumbu!" Baba akapunguza. Mara ya pili akaachia kanyagio kabisa, akavuta kijiti kidogo cha kile kiboksi peke yake, na tela, kwa magurudumu yake mawili tu, likaishika pikapu palepale mteremkoni. Halikuyumba.

Mama mkwe alishuka, akalizunguka tela, akakipiga chuma kofi kama anavyopigwa mtoto aliyefaulu. Kisha akapiga kigelegele, mbuzi wakakimbia.

"Fuso?" Anjela akamuuliza.

"Litabeba kwaya," akasema Mama mkwe. "Vyombo vya binti yangu vina mwenyewe."

Jumamosi tuliondoka kabla jua halijashika. Baba mbele na kabati lake na ndizi zake, Goodness kando yake na kuku. Sisi nyuma kwenye fuso na kwaya. Tangu Inyala mpaka Chimala, tangu Makambako mpaka Iringa, kila mteremko niliona taa nyekundu za tela lile zinawaka na lenyewe linatulia nyuma ya pikapu kama ndama nyuma ya mama yake. Pale Kalenga Wahehe walitupokea kwa ngoma. Mzee wa kule, baba wa bwana harusi, alilizunguka tela, akauliza ni fundi gani aliyeweka breki za namna hii.

"Mimi," akasema Baba, "na mjukuu wangu."

"Mjukuu gani?"

Mama mkwe akanyoosha kidole kwa Ipyana, aliyelala mgongoni mwangu na mate mdomoni. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Lakini mzee yule hakucheka sana, akasema yeye pia analo tela, la trekta, na lilimponyoka mwezi uliopita kwenye kilima cha mtoni.

Nikasikia kikohozi. Nikageukia ukutani, nikamsikia Baba amesimama karibu na mgongo wangu, akimnong'oneza mtoto.

"Mjukuu, amka. Mwambie mama yako ale ashibe. Kesho tuna kazi."